Msumeno wa Disston D-8, mzee ila bado anakata
Huu msumeno nimeukubali, nyota nne. Muuzaji alinikazia eti ni wa 1840, nikacheka kimoyomoyo maana 1840 ndo Henry Disston, mwenye kampuni ya misumeno hii, anaanza kazi yake kule Philadelphia, Marekani, modeli ya D-8 yenyewe imekuja 1874! Umri usiusome kwenye kutu jamani, angalia ile nembo ya shaba kwenye mpini, wangu umeandikwa PHILADA, yaani Philadelphia kwa kifupi, hiyo ilitumika mpaka 1917 hivi kisha ikawa PHILA. Kwa hiyo ni babu kweli, ila si babu wa muuzaji. Nyota moja nimekata sababu kuna mtu aliusugua na msasa mpaka maandishi ya kwenye bati la msumeno yakafutika, yaani roho iliniuma. Meno nimeyatupia tupa kidogo tu, unateleza kwenye mbao balaa.