Bima ya safari ya Sauzi, nawapa nyota nne

Hii bima niliikata Dar kabla ya kwenda Johannesburg na jamani imetusaidia kweli. Mdogo wangu alishikwa na homa kali tulivyotoka mbuga ya Kruger, na kule mikoa ya Limpopo na Mpumalanga ilipo mbuga hiyo malaria ipo, tukakimbilia hospitali ya praiveti, mapokezi wakataka barua ya bima ya kuahidi kulipa au dipoziti kwanza, nikawapigia simu watu wa bima, barua ikaingia kwa imeili tukiwa bado pale dirishani! Kilichoniudhi ni kurudishiwa hela za dawa, wanazungusha mno. Mkienda seivuni 10177 ya ambulensi, na 112 kwa simu ya mkononi, halafu someni kile kipengele cha magonjwa ya zamani, yaani uliyokuwa nayo kabla ya kukata bima, kabla hamjalipa, wengi wanabanwa hapo.