Fundi wa sistimu, nampa nyota 4
Duka letu la viatu la mtandaoni, stoo iko Kamukunji, lilikuwa linaganda kila mwisho wa mwezi na kila mtu anatuambia tuongeze seva, tukaongeza, wapi! Huyu jamaa alikuja akakaa na zile logi (rekodi za kile sistimu inafanya) siku mbili anauliza tu kwa nini, kwa nini, ile mbinu ya Toyota ya kuuliza kwa nini mara 5 hadi ufike kwa chanzo cha shida, hadi nikachoka naye. Kumbe kila oda ilikuwa inashikilia koneksheni ya databesi (njia ya kufikia pale data inawekwa) ikingoja jibu la malipo, na koneksheni zilikuwa 20 pekee, zikiisha oda zingine zinakwama. Sasa oda inaseviwa kwanza, koneksheni inaachiliwa, jibu likija linaingia baadaye. Nyota moja nimetoa juu bei yake iko juu aki, na simu hashikangi.