Kapi la mbao au la chuma?

Roda, yaani gurudumu lililo ndani ya kapi la jahazi, ikilika upande mmoja, henza, kamba ya kupandishia tanga, hutoka kwenye mfuo na kubanwa ubavuni mwa kapi. Foramali, mti unaobeba tanga, haupandi wala haushuki. Hapo ni kubadilisha kapi tu.

La mbao, fundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hukuchongea kwa unene wa kamba yako, na siku nyingine ikilika roda hubadilisha hiyo peke yake. Lataka mafuta mara kwa mara, la sivyo huwa zito kuvuta na hupiga kelele hadi Shela, upande wa pili wa kisiwa. La chuma kisichoshika kutu, lenye gololi, huvutika kwa wepesi kweli. Ila chumvi na mchanga vikiingia kwenye gololi, hukwama. Bei nayo! Kwa jahazi la kazi, mimi nachukua mbao.