Shule ya masista huku Mwanza: kazi za mikono wako vizuri sana, shida inaanzia la nne

Naona wengi mnauliza shule za Kanisa hapa Mwanza na majibu yote ni ufaulu na wastani tu, sasa mimi nataka nisemee kitu ambacho watu hawakigusi, watoto wanafanya nini humo darasani ukiacha kukopi ubaoni. Jina la shule siweki maana kuna sehemu nitawasema na madam wa mwanangu yumo humuhumu mtandaoni. Ni ya masista, inglishi midiamu, ada yake siyo ya kitoto.

Kwanza walichonikosha. Darasa la pili walitengeneza rozari wenyewe, shanga za karatasi za magazeti ya zamani, unakata kipande chembamba unakiviringisha kwenye njiti unatia gundi unapaka vanishi. Nikajua ni kipindi cha dini kumbe madam kaunganisha na hesabu humohumo, makumi matano ya Salamu Maria ni 50, ongeza zile 3 za mwanzo 53, shanga za Baba Yetu 6, jumla 59, na asiyefikisha 59 anafumua anaanza upya. Mtoto wangu alikuwa anajumlisha kwa vidole, siku hizi anaenda kwa makumi hata dukani kwa mangi.

Pango la Noeli nalo hawakununua lile la plastiki la soko la Makoroboi. Walichukua mifuko ya saruji wakaikunjakunja, wakapaka rangi ya kijivu, wakapandanisha mawe yakawa kabisa kama Bismarck Rock, yale mawe yetu ya pale ziwani, halafu pembeni ya Mtoto Yesu wakaweka mtumbwi na dagaa wameanikwa. Kuna mzazi alinuna, eti Bethlehemu dagaa wametoka wapi. Jamani hata Mt. Fransisko alipoandaa pango la Noeli pale Greccio, Italia, 1223 alitumia ng'ombe na punda wazima na nyasi za kawaida, watoto wa ziwani wakiweka dagaa kuna dhambi gani?

Ila kilichonimaliza ni Bujora. Darasa la tatu walipelekwa makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, yale aliyoyaanzisha Padre David Clement, na nilidhani itakuwa zile safari za kupiga picha, kula chipsi na kurudi. Kumbe kabla ya kwenda kila kundi lilipewa kitu cha kwenda kuchunguza, wengine ngoma za watemi, wengine vyombo vya nyumbani, wengine nyumba zenyewe zinavyojengwa, na waliporudi darasa likagawanywa Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana kwenye Bulabo, tamasha la sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Wiki nzima nyumbani ni bugobogobo, ile ngoma ya majembe, na jembe lenyewe la boksi, bibi yake aliyekuja kutoka Magu ndo akawa kocha, anamrekebisha mikono, anamwambia hiyo siyo namna ya kulima bali unachota uji. Mtoto aliyekuwa anaona haya kuongea Kisukuma sasa anamwuliza bibi maneno mwenyewe akaandike kwenye manila. Hiyo huipati kwenye kitabu chochote cha maswali na majibu.

Sayansi walitengeneza chujio la maji kwa chupa, mchanga, kokoto na mkaa, maji ya ziwa yakatoka meupe, na nampa ticha heko maana alikataza mtu kuyaonja, meupe siyo salama, lazima yachemshwe.

Kwa wasio Wakatoliki: jirani yangu Mwislamu mwanae yuko pale, wakati wa rozari alikuwa na kundi la bustani ya mchicha, hakulazimishwa. Misa ya shule wanahudhuria wote lakini, kama hutaki hilo ulizia mapema.

Sasa lawama. Meseji ya vifaa inaingia kwenye grupu saa tatu usiku, kesho asubuhi mtoto aje na manila mbili, gundi na boksi la tivii, maduka yamefungwa, boksi la tivii unalitoa wapi saa hizo? Halafu siku ya maonyesho wanatoa zawadi, na walioshinda mara zote ni wale waliotengenezewa na fundi, nyumba ina taa zinawaka na geti linafunguka, mtoto ukimuuliza waya huu unaenda wapi anamwangalia baba yake. Wakati kuna binti alileta kikapu kakisuka mwenyewe kwa magugumaji, kimepinda kidogo, hata wa tatu hakuwa. Pale nilikasirika.

Na kubwa zaidi, akiingia la nne vyote vinakufa. Upimaji wa la nne unakuja basi ni mitihani ya majaribio, tuisheni asubuhi, tuisheni Jumamosi, bustani imebaki magugu. Na hapo mtaala mpya ulioanza 2024 una mpaka somo la Sanaa na Michezo, kwenye ratiba lipo, madaftari yake mwanangu hayana hata kurasa kumi zilizoandikwa. Nilimuuliza Sista mkuu kwenye kikao akajibu wazazi wenyewe ndo mnataka A, na ukumbi mzima ukapiga makofi, mimi nikakaa chini.

Kwa hiyo chekechea mpaka la tatu peleka mtoto bila wasiwasi. La nne ndo nimeanza kutafutatafuta, mwenye mtoto shule ambayo hawaachi hivi vitu aniambie, na kama basi lao linapita Igoma.