TAHADHARI: Sproketi za "meno 48" zinazouzwa Mbeya mjini, hesabuni kabla ya kulipa

Ndugu zangu wa Mbeya, Makete, Njombe na Iringa, hasa nyie mnaopanda milima kwa pikipiki kila siku, naomba mnisome mpaka mwisho. Kuna muuzaji wa spea hapa Mbeya mjini anauza cheni na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, kwa jina la "seti ya milima". Ana kibanda, na anatangaza kwa simu pia, mzigo anautuma kwa basi. Sproketi yake ya nyuma imegongwa namba 48. Meno yake ni 45. Nimehesabu mwenyewe, fundi wangu akahesabu, mwanangu wa darasa la nne naye akahesabu. Ni 45.

Mimi ni tabibu wa mifugo. Kazi inanitoa Uyole, nafika Chimala, napanda zile kona kwenda Matamba, kisha Kitulo kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nyuma nafunga kiboksi cha chanjo chenye barafu. Pikipiki yangu ni ya sisi 125, ya tairi za kashata, na ilikuja na meno 15 mbele na 45 nyuma. Kwenye lami sina malalamiko nayo. Shida ni mlima wa Chimala: gia namba mbili inakata pumzi, ukirudi namba moja injini inalia mpaka unaionea huruma, na unatembea kwa mwendo wa mtu aliyebeba kuni.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawa meno ya nyuma kwa meno ya mbele. 45 kwa 15 ni 3, maana yake sproketi ya mbele izunguke mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukifunga 48 nyuma unapata 3.2. Nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu asilimia 7, na pale ulipokuwa unakwenda 80 kwa saa, kwa mlio uleule wa injini sasa utakwenda 75. Kwa anayeendesha Mbeya mjini hiyo si kitu. Kwa anayepanda Kitulo ni kitu kikubwa, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi. Injini zetu za kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Robo nzima ya nguvu hunayo tena. Ndiyo maana nilitaka 48.

Nikamweleza yule kijana kibandani. Akanitolea boksi zuri, limefungwa nailoni, akasema: "Hii ni ya kila barabara mkuu. Mlimani inavuta, na kwenye lami inakimbia kuliko ya zamani." Nikatoa 85,000. Neno lile lingetosha kunifanya nigeuze nirudi nyumbani, maana hakuna sproketi duniani inayokupa vyote viwili. Ukiongeza meno nyuma unapata nguvu na unapoteza mbio. Ukipunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma: 45 kwa 14 ni 3.21. Anayekuahidi nguvu na mbio kwa pamoja, ama hajui biashara yake ama anakupiga changa la macho.

Dalili ya kwanza niliiona siku ya kufunga, nikaipuuza. Nilikata cheni mpya kwa idadi ileile ya pingili za ile ya zamani. Sproketi ya nyuma ikizidi kwa meno matatu inakula cheni, kwa hiyo ekseli, ule mhimili wa tairi la nyuma, lazima isogee mbele karibu sentimita moja. Haikusogea hivyo. Ilikaa karibu kabisa na alama zangu za zamani kwenye swingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma. Fundi akaniangalia, akasema labda cheni ni ndefu kidogo. Tukafunga nati, nikaondoka.

Nilipanda Chimala nikiwa na matumaini, na pikipiki ikapanda kama ilivyokuwa ikipanda siku zote. Nikajilaumu, nikadhani ni kabureta. Wiki ya tatu, kwenye kona kali nikiwa namba moja, nikasikia kak-kak-kak chini ya mguu, kisha cheni ikaruka. Namshukuru Mungu nilikuwa mwendo wa pole na cheni ilidondoka upande wa nje. Cheni ikijikunja ndani inaweza kupasua kava la injini pale kwenye sproketi ndogo, au ikafunga tairi la nyuma ghafla, na upande mmoja wa barabara ile ni korongo. Nikaegesha, nikaitazama sproketi. Wiki tatu tu, na meno yameinama upande mmoja kama ndoano. Nilikuwa na chaki ya kuwekea ng'ombe alama. Nikapaka jino moja, nikazungusha tairi taratibu, nikihesabu kwa kidole. Nilirudi kwenye chaki kwenye 45.

Chanjo ya siku ile haikufika. Barafu iliyeyuka nikiwa bado nasubiri gari la kunishusha, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Nyumbani fundi alichukua tupa. Tupa ikipita kwenye jino la sproketi iliyokomazwa kwa moto inateleza, inaacha mkwaruzo mdogo tu. Kwenye hii ilikula kama inakula sabuni. Tulipoisafisha kwa petroli tukaona pembeni ya ile 48 kuna kivuli cha namba nyingine iliyosagwa. Kwa hiyo huyu mtu, au aliyemuuzia, alijua anachofanya. Niliporudi kibandani nikaambiwa spea ikishafungwa hairudi. Risiti sikudai siku ya kununua, hilo ni kosa langu.

Tangu niliposimulia mkasa huu, dereva mmoja wa boda wa upande wa Kiwira ameniambia naye alinunua kwa simu. Sproketi iliyokuja ilikuwa nyembamba, ya cheni ya 420, wakati cheni yake ni 428. Cheni hizo mbili zina nafasi sawa kati ya pini na pini, milimita 12.7, kwa hiyo inakaa na inazunguka vizuri ukiwa dukani. Tofauti ni upana. Ikipata mzigo inayumba kushoto na kulia mpaka inatoka. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa halikuwa la muuzaji, lakini yule dereva akatuma pesa hivyohivyo. Namba ya namna hiyo itumeni kwenda 15040 ya kuripoti utapeli wa simu, na mkiwa na risiti nendeni polisi.

Ukiwa dukani, hesabu meno kwa chaki hata kama muuzaji ananuna. Beba sproketi ya zamani, ziweke mgongo kwa mgongo, matundu ya bolti yalingane na unene ulingane. Omba kupitisha tupa kwenye jino moja. Akikataa, mwachie sproketi yake.

Na usinunue "ya milima" bila kujua njia yako. Wa Rujewa na Igurusi, kule Usangu tambarare, 15 mbele kwa 45 nyuma inawatosha, labda muwe na 14 ya mbele ya kubadilisha wakati wa mchanga mwingi. Wa Tukuyu na Isongole, tope la masika linataka nguvu, 14 kwa 48 itawafaa. Msishuke chini ya 13 mbele, cheni inakunjwa sana na inasaga raba ya swingamu.

Mimi sasa nimefunga 14 kwa 48 kutoka duka jingine, nimehesabu kabla ya kulipa. Juzi nimepanda Chimala kwa namba mbili sehemu kubwa ya njia, na barafu ilifika Matamba ikiwa bado barafu.