Ohio State au Michigan? Mzazi unayetaka mtoto afike NFL, soma hapa kwanza

Haya wadau. Kwenye jengo letu hapa Columbus kuna mama mmoja wa Kikongo, ana kijana wake yuko haiskuli, dogo ni jitu kwelikweli, miaka 16 tu na lifti akiingia sisi wengine tunasubiri inayofuata. Anacheza ule mpira wa yai wa Kimarekani, na walimu wake wanasema akikaza skolashipu ipo. Sasa juzi mama kanikuta parking nashusha mifuko ya unga akanisimamisha, "Papa, wewe unaangaliaka ile mupira yao, uniambie basi, njo université gani inafikishaka batoto mbali?" Nikamwambia mama nipe siku mbili, hilo swali halijibiwi parking.

Siku mbili zimekuwa wiki lakini nimekaa nimefanya kazi. Na kwa vile hivi vyuo vinajinadi kwa wazazi kama mtu anauza simu, nimeamua nivikague hivyo hivyo kama bidhaa, yaani mtoto anaingia upande huu, upande wa pili anatoka nini. Nimechukua viwili tu, Ohio State hapa kwetu na Michigan kule Ann Arbor, mwendo wa saa tatu kwa gari, sababu hawa ndio watani wa jadi, Simba na Yanga ya huku. Wiki ya mechi yao hapa chuoni wanaziba kila herufi M na tepu nyekundu, mabango, majengo, kila mahali, usiulize.

Kwa asiyefuatilia: kila Aprili timu 32 za NFL, ligi kubwa ya mpira huo, zinachagua vijana kutoka vyuoni, raundi 7, hiyo ndiyo drafti. Raundi ya kwanza ndiyo hela yenyewe.

Ukihesabu vichwa tu, Ohio State mjadala hakuna. Hakuna chuo Marekani nzima kilichotoa wachezaji wengi wa raundi ya kwanza kuwazidi hawa jamaa. 2016 walichaguliwa 12, watano raundi ya kwanza, Joey Bosa wa tatu, Ezekiel Elliott wa nne anamfuata hapo hapo. Na drafti ile ile yumo Michael Thomas, yeye aliachwa mpaka raundi ya pili, namba 47, halafu 2019 akadaka mipira 149 msimu mmoja, rekodi ya ligi. 2025 wametoa 14, sawa na rekodi yao ya 2004, wanne raundi ya kwanza. Huo ni mkate unaotoka tanuri moja kila asubuhi jamani.

Ila tanuri lenyewe lina vyumba vyake na hapa ndipo mzazi asome taratibu. Mtoto wako akiwa risiva, yaani mdakaji, mpeleke Columbus ukiwa umefumba macho. 2022 Garrett Wilson alienda namba 10 na Chris Olave namba 11, wamefuatana kama foleni ya benki, 2023 Jaxon Smith-Njigba namba 20, 2024 Marvin Harrison Jr. namba 4, 2025 Emeka Egbuka namba 19. Na kabla yao 2019 alikuwepo Terry McLaurin, raundi ya tatu, watu walimchukulia poa, Washington wakaja kumtegemea miaka na miaka. Wengi wa hawa wamepita mikononi mwa Brian Hartline, kocha ambaye mwenyewe alidakia hapo hapo akaenda kucheza NFL, kwa hiyo alikuwa anafundisha kitu alichokifanya kwa mikono yake. Wale wa kumkimbiza kwotabeki, yule anayerusha mpira, nao wamo, ndugu wawili wa nyumba moja, Joey Bosa namba 3 mwaka 2016, mdogo wake Nick namba 2 mwaka 2019, na Nick akaja kuwa mlinzi bora wa ligi msimu wa 2022.

Kasoro ipo kwa kwotabeki. Hapa Columbus ukilisema hili kwenye baa unaweza ukatoka bila koti lakini ndo ukweli. Justin Fields alichaguliwa namba 11 na Bears 2021, kufika 2025 yuko timu ya tatu. C.J. Stroud ndiye katutoa aibu kidogo, namba 2 mwaka 2023, akawa chipukizi bora upande wa ushambuliaji mwaka ule ule. Kinachouma ni Joe Burrow. Alikuwa hapa hapa, kakaa benchi, nafasi hakuna, akaondoka kwenda chuo cha LSU, akabeba Heisman 2019, ile tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na 2020 akachaguliwa namba 1 kabisa. Siku hizi mashabiki wa hapa wanamwita wetu. Wetu vipi bwana, si mlimwachia aondoke?

Sasa Michigan. Michigan kwa idadi wako nyuma, tusidanganyane, rekodi yao ni 13 kwenye drafti ya 2024 na humo raundi ya kwanza alikuwa mmoja tu, J.J. McCarthy, ambaye aliumia goti kabla msimu wa kwanza haujaanza. Lakini Michigan ukiwabana kwa hesabu wanakujibu neno moja tu, Brady. Tom Brady namba 199, raundi ya sita, mwaka 2000, makwotabeki sita wamechaguliwa mbele yake, na pale chuoni kwenyewe msimu wake wa mwisho alikuwa anagawana nafasi na dogo aliyekuja nyuma yake. Super Bowl, fainali ya NFL, kashinda saba. Hakuna TIMU yenye saba, yeye peke yake anazo. Sasa swali langu mimi mkaguzi, hiyo ni kazi ya chuo au ya Brady mwenyewe? Mimi nasema chuo hakina haki ya kumweka dirishani kama bidhaa yao wakati walikuwa wanasitasita hata kumpanga. Charles Woodson hapo sawa, Heisman 1997, namba 4 mwaka 1998, leo yumo kwenye jumba la magwiji kule Canton, huyo walimjua na walimtumia. Shida ni kwamba Woodson ni mtoto wa Fremont, Ohio. Desmond Howard wa Heisman 1991, Cleveland, Ohio. Dan Dierdorf, huyo kazaliwa Canton kwenyewe, Ohio hiyo hiyo. Yaani nusu ya dirisha la Michigan limejaa mzigo uliotoka ghala la Ohio hahaha.

Ngoja nifike kwenye kile kilichomfanya mama aweke sufuria chini. Nilipomfuata kwake na majibu nilimtajia Tshimanga Biakabutuka. Akashtuka, "Tshimanga? Ule si ni Muluba!" Ndiyo mama, kazaliwa Kinshasa, kakulia Montreal, akaenda Michigan. Novemba 1995 Ohio State wanakwenda Ann Arbor hawajapoteza mechi hata moja, 11 kwa 11, wana Eddie George ambaye wiki chache mbele anapewa Heisman, nchi nzima inamwangalia George. Akatokea huyu mtoto wa Kinshasa akapewa mpira mara 37 akakimbia yadi 313. Mia tatu na kumi na tatu! Ukimtazama hakuwa na mbwembwe, anapokea mpira, anatulia nusu sekunde nyuma ya wale mabonge wa mbele wanaomfungulia njia, mlango ukifunguka anazama. Michigan 31, Ohio State 23, msimu wa Columbus ukaharibika pale pale.

Drafti ya 1996 Biakabutuka akaenda namba 8 kwa Panthers, George namba 14 kwa Oilers. Mtoto wa Michigan mbele, mtoto wa Columbus nyuma. Halafu? Biakabutuka goti likamwangusha mwaka wake wa kwanza, akarudi, majeraha yakamwandama, miaka sita kazi imekwisha. George misimu minane na timu ile ile hakukosa kuanza mechi hata moja, akamaliza na yadi zaidi ya 10,000. Mama kimya. Nikamwambia ndo maana sikupi jibu la namba moja, drafti ni mlango tu, humo ndani ni goti na Mungu. Hata David Ojabo, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Scotland akaenda Michigan, mshipa wa kisigino ulimkatika 2022 siku ya kuonyesha uwezo mbele ya maskauti, wiki chache kabla ya drafti, akashuka mpaka namba 45.

Na kingine, wingi wa vipaji hauleti ushindi wa moja kwa moja. Ile timu ya Ohio State iliyotoa watu 14 ndiyo ile ile iliyofungwa hapa nyumbani 13 kwa 10 na Michigan, Novemba 2024, Michigan iliyotoa saba tu. Nilikuwa naangalia kwa jirani, aliyepika pilau hakula. Mwezi mmoja na kitu baadaye hao hao wakachukua ubingwa wa taifa, sasa utawaelewaje.

Nyota zangu basi. Columbus nne na nusu kati ya tano, nusu nimekata kwa ajili ya Burrow. Ann Arbor tatu na nusu, ila kama mtoto ni jitu la mbele kama huyu wetu napandisha ziwe nne, maana Jake Long alitoka pale akawa namba 1 mwaka 2008 na Steve Hutchinson yuko Canton. Kwetu naye Orlando Pace, namba 1 mwaka 1997, yuko Canton pia, kwa hiyo kwenye majitu wa mbele mama afuate kocha, asifuate jina la chuo.

Nikamsomea yote, nimemaliza, mama kamgeukia dogo, na wewe unasemaje? Dogo anakula hata hajainua kichwa, anasema yeye anataka Michigan sababu helmeti yao ina mabawa. Mama kanitazama, kanitazama tena, akasema helmeti atamnunulia, skolashipu achukue ya Columbus.