Pikapu iliyolala kushoto: miezi mitano, gereji mbili, na mzee wa springi wa Msamvu, Morogoro

Nyota nne kwa mzee, na nyota ya tano nitaeleza kwa nini nimeizuia.

Pikapu yangu ni Hilux ya 2002, dizeli, injini ya 5L (hilo ni jina la injini, si lita tano). Kazi yake ni kushusha kabichi, karoti na viazi kutoka Mgeta mpaka Soko la Chifu Kingalu hapa Morogoro, mara tatu kwa wiki. Anayeijua ile barabara ya kupandia Mgeta hahitaji kuelezwa springi zinavyoteseka. Mwezi wa tatu wapagazi wa sokoni wakaanza: "Mama, gari yako imelala." Nikajua ni mzigo umepangwa vibaya. Tukashusha mpaka kabichi la mwisho, bado imelala kushoto kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani ukutani.

Gereji ya kwanza walitazama kwa macho tu, wakasema shokapu za nyuma zimekufa. Nikanunua mbili, 180,000. Safari ikawa laini kidogo, sikatai, lakini kulala ikabaki vilevile. Gereji ya pili walicheka hao wa kwanza, wakasema springi ya nyuma kushoto imechoka, wakaongeza jani moja (bapa la chuma la springi) upande huo. Na ufundi, 70,000. Wiki mbili nikafurahi, maana ilinyanyuka kidogo. Kisha tairi ya mbele kushoto ikaanza kuliwa upande wa ndani, na stelingi ikawa inanivuta. Majina ya gereji hizo siyaandiki.

Huyu mzee nilielekezwa na dereva wa Fuso. Hana kibao. Utamjua kwa majani ya springi kuukuu aliyoyaning'iniza kwenye mwarobaini, na kwa kipande cha sakafu ya zege mbele ya banda, ambacho ndicho anachojivunia kuliko kitu chochote. Nilipofika nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumweleza habari za jani lililoongezwa. Akanikatisha: "Marahaba mama. Kwanza toa kila kitu kilichomo ndani, halafu tutaongea." Tukatoa tairi la akiba, jeki, sanduku la spana, turubai, hata mifuko miwili ya mchanga niliyokuwa nimeisahau nyuma ya kiti tangu masika.

Akapima upepo matairi yote manne. Akasoma saizi iliyoandikwa kwenye kila tairi, asije akakuta moja ni pana kuliko mwenzake. Akaweka pima maji juu ya zege lake mbele yangu, pande mbili, nione kwamba sakafu haidanganyi. Kijana wake akaisukuma pikapu mbele na nyuma hatua chache, wakaitikisa bodi ili ikae inavyotaka yenyewe. Hapo ndipo akatoa futikamba. Hakupimia chini ardhini. Alipimia katikati ya habu ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, maana hapo tairi halihesabiki, unabaki na springi peke yake. Akaandika kwa chaki mlangoni, kwa sentimita: mbele kushoto 46, mbele kulia 49 na nusu, nyuma kushoto 51, nyuma kulia 53. Kisha akarudia kwa kupimia kwenye chesisi (fremu ya gari), akisema madigadi ya pikapu za Mgeta yamenyooshwa kwa nyundo mara nyingi mno, huwezi kuyaamini.

Sasa nitakuja kwenye kitu kilichonifanya niandike haya yote. Alichukua jeki ya magurudumu akaiweka chini ya difu (kile kibonge cha gia kwenye ekseli ya nyuma), katikati kabisa, akainua mpaka matairi ya nyuma yakaachana na zege. Nyuma ya gari ikawa imekaa juu ya nukta moja, inaweza kulalia popote. Akasema, "Kama ugonjwa uko nyuma, sasa gari litanyooka." Halikunyooka, likazidi kulalia kushoto. Akashusha, akahamia mbele, akaweka jeki chini ya membari (chuma kinachokatiza chesisi) katikati, akainua. Pikapu ikanyooka, ikapitiliza, ikalalia kulia! Mzee akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Nyuma palikuwa pazima siku zote. Kilichoilaza kulia ni lile jani la 70,000 lililokuwa likisukuma kushoto kwenda juu peke yake, likishindana na ugonjwa wa mbele. Miezi mitano nimelipia upande ambao haukuwa unaumwa.

Hilux nyingi za umri huu, zile za kuvuta magurudumu yote manne kama yangu, mbele hazina springi ya kuzunguka (koili) wala ya majani. Zina tosheni baa, nondo ndefu inayolala sambamba na chesisi na kubeba gari kwa kujisokota. Mwisho wa nondo kuna meno, na boliti ya kurekebishia kimo. Mzee akauliza kama mbele iliwahi kufunguliwa. Nikakumbuka: mwezi wa pili nilibadilisha bushi (mipira) za mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Akasugua kwa brashi ya waya, akanionesha alama mbili za rangi, moja kwenye nondo na moja kwenye kishikio chake. Zilitakiwa zitazamane. Zilikuwa zimepishana jino moja. Aliyefungua hakuangalia alama wakati wa kurudisha.

Kuhusu shokapu nilimuuliza, maana roho iliniuma. "Shokapu inatuliza mruko tu, mama. Haibebi gari."

Akalegeza boliti, akairudisha nondo kwenye jino lake, akakaza, akashusha, akasukuma gari, akapima. Akatoa na lile jani la kuongeza (ninalo nyumbani, linazuia geti lisijifunge). Vipimo vya mwisho mbele: kushoto 49, kulia 49 na nusu. Nikamwambia amalizie hiyo nusu. Akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa adabu zote: "Hiyo ni nafasi yako, mama. Ukikaa kwenye usukani italingana." Nilikaa. Ililingana. Sina la kuongeza hapo.

Bei: kupima 10,000, unalipa hata usipotengeneza. Kazi yenyewe 55,000. Kisha akanipeleka kwa watu wa alaimenti, kwa sababu ukibadilisha kimo cha mbele na magurudumu yanabadilika yanavyosimama, na ndiyo maana tairi lilikuwa linaliwa ndani. Huko ni bei yao wenyewe.

Kasoro sasa. Nilifika saa tatu asubuhi nikaondoka saa kumi jioni, kivuli ni kile cha mwarobaini tu na choo ni cha mama ntilie wa ng'ambo. Risiti hana. Simu anapokea akijisikia. Hayo ningeyasamehe, lakini nyota ya tano nimeizuia kwa jambo moja: kijana aliingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki moja na gogo la mti, wakati nondo iliyosokotwa kwa nguvu zote hizo inafunguliwa. Nilimwambia mzee akasema hilo gogo ni la mninga. Stendi mbili za chuma hazifiki bei ya shokapu zangu.

Ukienda, nenda bila mzigo na usimwambie gereji nyingine wamesema nini. Atakukatisha tu.